Cranes 2027, mkopo wa milioni sita na pesa ya ada: jibu kwa mwenye kibanda wa Busia

*“Nina kibanda cha kuonyesha mpira hapa Busia, upande wa Uganda. Viti 80, kiingilio shilingi 2,000 kwa mechi kubwa. Tangu tupewe uenyeji wa AFCON 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika) pamoja na Kenya na Tanzania, redio hazina habari nyingine: tutafika fainali kama 1978, hiki ni kizazi cha dhahabu, na kadhalika. Nataka kukopa milioni sita kwenye Sacco yetu, riba asilimia 3 kwa mwezi, nilipe kwa miezi 12, ninunue projekta, jenereta na viti vipya. Lakini hata kabla ya AFCON ya Morocco Desemba 2025 tuliambiwa hayo hayo, tukarudi na pointi moja. Wateja walinigeukia mimi kana kwamba ndiye kocha. Mdogo wangu wa miaka 22 alibeti pesa ya ada yake ya chuo, yote ikapotea. Kwa haki kabisa, tutarajie nini 2027? Watangazaji wanatudanganya kwa makusudi? Na mkopo nichukue au niache?”*

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na la kwanza ndilo linaloamua hayo mengine: Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, wanaweza kufika wapi. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba kuvuka kundi ni tarajio la haki, robo fainali itakuwa mafanikio makubwa, na fainali ni ndoto ambayo haifai kuwekewa dhamana ya Sacco. Sasa nikueleze nimefikaje hapo, ili redio ikisema vingine uwe na cha kupimia.

Tuanze na Morocco, maana kidonda bado kibichi. Tarehe 23 Desemba 2025 Tunisia walitufunga 3-1. Tarehe 27 tukatoka sare ya 1-1 na Tanzania: Simon Msuva alifunga kwa penalti, Uche Ikpeazu akasawazisha, kisha dakika za nyongeza tukapata penalti sisi. Allan Okello akapiga, akakosa. Tarehe 30 Nigeria wakatufunga 3-1. Tukashika mkia na pointi moja, na kesho yake kila kipindi cha michezo kilikuwa matanga.

Angalia jedwali la kundi lile kwa utulivu. Tanzania walivuka na pointi mbili, wakiwa miongoni mwa timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu. Kama penalti ya Okello ingeingia na mengine yote yakabaki yalivyokuwa, Uganda ingemaliza na pointi tatu na Tanzania moja, na sisi ndio tungekwenda hatua ya 16 bora. Katika soka la kiwango cha juu, penalti kama tatu kwa kila nne huingia. Hii ikawa ile ya nne. Timu ni ile ile, kocha ni yule yule, mapungufu ni yale yale, ila hukumu nzima ya michuano ilibebwa na mkwaju mmoja.

Hapo ndipo mashabiki wengi wanapokosea, na watangazaji pia. Hatua ya makundi ina mechi tatu tu, na mechi tatu ni chache mno kukuambia timu ni nzuri au mbaya. Katika ligi ya mechi 30 bahati hujisawazisha, lakini katika mechi tatu haipati nafasi. Linganisha mashindano yetu ya karibuni. Mwaka 2017 kule Gabon tulifungwa 1-0 na Ghana, tukafungwa 1-0 na Misri kwa bao la dakika za mwisho, tukatoka 1-1 na Mali. Ilikuwa pointi moja, sawasawa na Morocco, lakini kwa kuwa hatukuwa tumeonekana kwa miaka 39, pointi hiyo ilitufurahisha. Mwaka 2019 kule Misri tuliifunga Kongo ya Kinshasa 2-0, tukatoka 1-1 na Zimbabwe, tukafungwa 2-0 na wenyeji, halafu Senegal wakatutoa kwa bao moja la Sadio Mané, siku ambayo Denis Onyango alidaka na penalti. Ukiniuliza mimi, tofauti ya ubora kati ya timu ya 2019 na ya 2025 ni ndogo kuliko tofauti ya vichwa vya habari vyake.

Sasa 1978. Ni kweli tulicheza fainali mjini Accra tukafungwa 2-0 na Ghana, na Philip Omondi alikuwa miongoni mwa wafungaji bora. Ni heshima ambayo hakuna wa kutunyang'anya. Lakini wanaoitaja redioni huwa hawamalizii: mashindano yale yalikuwa na timu nane. Tuliifunga Kongo 3-1, Tunisia wakatufunga 3-1, tukaifunga Morocco 3-0, tukawatoa Nigeria 2-1 kwenye nusu fainali, na mechi ya tano ikawa fainali yenyewe. Leo timu ni 24, na fainali ni mechi ya saba. Kati ya kundi na fainali kuna milango mitatu ya mtoano, na kila mmoja unaweza kufungwa na penalti moja kama ile uliyoiona. Kutumia 1978 kama kipimo cha 2027 ni kulinganisha mashindano mawili yanayofanana jina tu.

Upo upotofu mwingine wa upande wa pili, ambao nadhani wateja wako wanao: kwamba Cranes hutuangusha kila mara. Si kweli. Kwa miaka mingi sasa tumekuwa kwenye orodha ya FIFA kwenye nafasi za themanini na tisini duniani, na barani Afrika tuko karibu na nafasi ya ishirini. Timu ya namna hiyo ikifuzu mashindano ya timu 24, imefika pale ngazi yake inapoiweka. Ikivuka kundi imefanya vizuri kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Ikitoka kwenye kundi haijamsaliti mtu.

Unaweza kujipimia mwenyewe kwa kalamu na simu. Tangu 2018 FIFA hutumia hesabu inayogeuza tofauti ya alama za timu mbili kuwa matarajio, ambapo ushindi huhesabiwa 1, sare 0.5 na kufungwa 0. Tofauti ikiwa alama 100, mkubwa hutarajiwa 0.59 na mdogo 0.41. Ikiwa 200, mkubwa 0.68 na mdogo 0.32. Ikiwa 300, mkubwa 0.76 na mdogo 0.24. Alama zenyewe unazipata bure kwenye tovuti ya FIFA.

Tuchukue kundi la mfano: mpinzani mmoja anatuzidi alama 200, wa pili anatuzidi 150, wa tatu tunamzidi 50. Matarajio yetu ni 0.32, 0.36 na 0.55, jumla 1.23. Ushindi mmoja peke yake ni 1.0 (pointi 3), na ushindi mmoja na sare moja ni 1.5 (pointi 4). Kwa hiyo tuko katikati ya pointi 3 na 4. Sasa kumbuka jinsi nafasi ya tatu inavyoamuliwa. Kwa kawaida pointi 4 hukuvusha bila wasiwasi. Pointi 3 hukufanya usubiri makundi mengine ukiwa umeshika roho. Kuna wanaovuka hivyo, kama Côte d'Ivoire mwaka 2023, ambao walivuka na pointi 3 kisha wakachukua kombe lenyewe.

Uenyeji unaongeza nini hapo? Wachambuzi wengi humwongezea mwenyeji takriban alama 100. Rudia hesabu ile ile: 0.41, 0.45 na 0.64, jumla 1.5, yaani ushindi, sare na kufungwa, pointi 4. Uenyeji hautupi kombe. Unatusogeza kutoka kwenye pointi za kusubiri majirani hadi kwenye pointi za kuvuka kwa miguu yetu. Na historia inakubaliana na hesabu: tangu 2002 hadi 2023, wenyeji walikuwa 13 ukihesabu waliogawana, na ni mmoja tu, Gabon ya 2017, aliyetolewa kwenye makundi, tena kwa sare tatu bila kufungwa mechi hata moja. Guinea ya Ikweta, nchi ndogo kuliko sisi, ilifika nusu fainali 2015 ikiwa nyumbani.

Lakini usiichukue historia hiyo nzima nzima. Wengi wa wenyeji wale walikuwa vigogo tayari: Misri, Tunisia, Ghana, Kamerun. Na safari hii nyumba ina wenyeji watatu, hivyo faida ni yako pale tu unapochezea kwako. Mechi ya mtoano ikikupeleka Nairobi au Dar es Salaam, hasa ukikutana na mwenyeji mwenzako, uwanja unageuka. Tena Namboole, uwanja wetu wa taifa, haina uchawi. Oktoba 2011 tulihitaji ushindi dhidi ya Kenya pale pale ili tufuzu, tukatoka 0-0. Agosti 2025 tulifungua CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale pale kwa kufungwa 3-0 na Algeria.

CHAN ile nitaigusa zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo iliyopandisha joto unalolisikia sasa. Baada ya kipigo cha Algeria tuliifunga Guinea 3-0, tukaifunga Niger 2-0, tukatoka nyuma kwa mabao mawili hadi 3-3 na Afrika Kusini, tukaongoza kundi. Senegal wakatutoa robo fainali kwa bao 1-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kuvuka kundi la CHAN, na nyimbo zilistahili kuimbwa. Ila CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani peke yao. Nigeria au Senegal ya CHAN si ile ya AFCON, na hata Cranes wenyewe si wale wale. Miezi minne baadaye watu walikwenda na matumaini ya CHAN kwenye mizani ya AFCON, na mizani ikakataa.

Kuhusu watangazaji: hapana, sidhani kama wanadanganya kwa makusudi. Wengi wanaamini wanachosema, wao pia ni mashabiki. Tatizo ni jinsi kazi yao inavyolipwa. Muda wa matangazo huuzwa kabla ya mechi. Kampuni ya soda, ya simu au ya kubeti hununua wiki za matumaini, kwa sababu timu ikishatolewa wasikilizaji huhama. Kipindi kinachosema “tuna nafasi ya wastani ya kuvuka kundi” hakiuziki kama kinachosema “mwaka huu ni wetu.” Halafu mtangazaji anahitaji kuingia kambini. Anayeuliza kwa nini beki fulani hajacheza klabuni kwake miezi miwili anaweza kujikuta kesho hapokelewi simu. Basi anauliza maswali matamu na kupata majibu matamu, nawe unauziwa utamu huo saa kumi na mbili asubuhi.

Zipo alama za kutambua chumvi ikizidi. Ukisikia “mchezaji wetu wa kulipwa Ulaya,” uliza: ligi daraja la ngapi, na amecheza dakika ngapi katika wiki nane zilizopita? Mchezaji anayekaa benchi Ulaya mara nyingi yuko nyuma kwa kasi ya mechi kuliko anayeanza kila wiki kwenye klabu zetu za KCCA au Vipers. Ukisikia “tumewafunga fulani kwenye mechi ya kirafiki,” tafuta kikosi walichopanga na idadi ya wachezaji waliobadilishwa, kwa kuwa makocha wengi hutumia mechi hizo kujaribu watu. Ukisikia “kundi jepesi,” zima redio kidogo utafute alama za FIFA za hao wepesi.

Na kuna jambo moja ambalo sijalisikia likijadiliwa inavyostahili. Chukua daftari, andika mechi kumi za mwisho za ushindani za Cranes, na mbele ya kila bao tulilofungwa andika lilivyotokea: kona, faulo, penalti, shambulizi la kushtukiza, kosa la kipa. Tarehe 14 Oktoba 2025 tulikuwa Algeria kwenye mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia. Steven Mukwala alitutanguliza mapema, kisha Mohamed Amoura akafunga mara mbili, zote kwa penalti, ya pili ikiwa dakika za nyongeza. Bao la Tanzania kule Morocco nalo lilikuwa penalti. Hiyo ni mechi mbili na mabao matatu ya penalti. Ukiona mtindo kama huo kwenye daftari lako unajua pa kutazama kwenye mechi za maandalizi: mabeki wetu wanaingiaje kwenye kukaba ndani ya boksi, wanavuta jezi kwenye kona, mikono wanaiweka wapi. Hilo hurekebishwa mazoezini, na likirekebishwa lina thamani ya pointi kuliko nyota mpya anayetangazwa kila wiki. Kama mechi tatu za maandalizi zitapita bila penalti dhidi yetu na bila bao la kona, hapo nitakuwa na matumaini zaidi, hata kama tumetoka sare zote.

Tuje kwenye mkopo. Kwa makadirio yangu, Uganda ina nafasi kama 60 kwa 100 ya kuvuka kundi ikiwa nyumbani, 40 kwa 100 ya kushinda mechi ya kwanza ya mtoano ikifika hapo, na kama 35 kwa 100 ya kushinda robo fainali. Wanaofika nusu fainali wote hucheza mechi saba, kwa sababu kuna ya mshindi wa tatu. Ukizidisha hayo yote unapata wastani wa mechi nne za Cranes. Tatu ni za uhakika, zinazozidi ni za kudra.

Viti 80 kwa shilingi 2,000 ni 160,000 kwa mechi, kibanda kikijaa. Mechi nne ni 640,000. Sasa mkopo: milioni sita kwa miezi 12 ni 500,000 ya mtaji kila mwezi, na riba ya asilimia 3, ikiwa inahesabiwa juu ya mkopo wote, ni 180,000. Jumla 680,000 kwa mwezi. Yaani mashindano yote ya Cranes, bila kutoa mafuta, umeme wala mlinzi wa mlangoni, hayafikishi marejesho ya mwezi mmoja. Hata wakicheza zote saba unapata 1,120,000, haijafika miezi miwili. Cranes kwa kibanda chako ni kitoweo, posho yako ni ligi ya Uingereza kila Jumamosi na Jumapili. Swali la mkopo basi ni hili: kwa wikendi za kawaida, Cranes wakiwa hawapo kabisa, kibanda kinabaki na 680,000 safi kwa mwezi baada ya gharama? Kama una daftari la mapato la miezi sita na jibu ni ndiyo, kopa. Kama hapana, au daftari huna, usikope milioni sita.

Ila una bahati moja ambayo mwenzako wa Masaka hana, nayo ni mpaka. Busia ina Wakenya wanaovuka kila siku, na madereva wa malori wa Kitanzania hawakosekani. Harambee Stars na Taifa Stars nao wana mechi tatu tatu za uhakika, hivyo una mechi tisa za wenyeji badala ya tatu. Mashindano yote yana mechi 52. Nigeria, Senegal, Morocco na Misri hujaza viti bila kusubiri Cranes. Panga biashara yako juu ya hizo, na Cranes wakitolewa mapema utaumia moyo tu, mfuko utasalimika.

Ningekuwa mshauri wako ningekuambia ukope milioni mbili au mbili na nusu, viti viendelee vile vile. Kwenye projekta angalia mwanga wake: chini ya lumeni 3,000 mechi ya saa kumi jioni chini ya mabati yenye matundu itaonekana kama moshi, kwa hiyo tafuta 3,500 na kuendelea, na uzibe matundu kwanza, maana turubai ni rahisi kuliko lumeni. Ukinunua iliyotumika, iwashe dukani nusu saa nzima, sikiliza feni, na utazame kwenye menyu taa imeshafanya kazi saa ngapi. Taa iliyochoka ndiyo inayowaliza wengi, kwani bei yake inaweza kukaribia nusu ya projekta. Jenereta usidanganywe ununue kubwa: projekta hula kama wati 300, dekoda 20 au 30, spika 200. Jenereta ya kVA 1 inatosha, na mechi moja pamoja na mapumziko itakunywa petroli kama lita moja na nusu. Weka kidhibiti umeme kati ya jenereta na projekta, la sivyo umeme ukipanda ghafla utaaga taa na bao kwa pamoja. Na kifurushi cha dekoda kiwe cha biashara. Cha nyumbani kikikamatwa katikati ya mashindano, hasara yake inazidi kile kilichokuokolea.

Kabla ya kusaini, nenda ofisini kwa Sacco wewe mwenyewe na ukae na afisa mikopo. Muulize mambo mawili: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya deni lililobaki, na je, unaweza kulipa kidogo miezi ya Juni na Julai ambapo ligi za Ulaya zimefungwa. Tofauti ya jibu la kwanza peke yake, kwa milioni sita, ni karibu shilingi milioni moja kwa mwaka.

Wateja waliokugeukia, wabandikie karatasi mlangoni kabla ya mashindano: kiingilio hakirudishwi kwa matokeo, kinarudishwa umeme na jenereta vikigoma pamoja. Inapunguza ugomvi kuliko unavyodhani.

Limebaki la mdogo wako, na hili nisingependa ulipitie juu juu. Kwanza, sheria ya Uganda ya 2016 inakataza kubeti kwa mtu aliye chini ya miaka 25. Wakala aliyempokea amevunja sheria, na wewe usikubali wakala wa namna hiyo akae ndani ya kibanda chako. Pili, mfundishe kusoma namba. Odi (kiwango cha malipo) ya 5.00 kwa Uganda maana yake kampuni inaona nafasi ya 1 kwa 5. Sare 3.50 ni kama 0.29, mpinzani 1.75 ni 0.57. Jumlisha zote tatu unapata 1.06, na hiyo 0.06 inayozidi 1 ndiyo wanayokula hata nani ashinde. Mkeka, yaani tiketi moja ya kubeti, wa mechi tano, kila moja ikiwa na nafasi ya 60 kwa 100, hutimia chini ya mara 8 katika 100. Hakuna mapenzi kwa Cranes yanayobadilisha hesabu hiyo, na shabiki ndiye mbashiri mbaya kuliko wote, kwani huweka pesa mahali moyo ulipo.

Tatu, mchunguze. Kama alibeti mara moja kwa jazba na sasa anaona aibu, zungumza na chuo juu ya kulipa ada kwa awamu na umsaidie kuweka mpango. Lakini kama anakopa kwenye simu ili arudishe alichopoteza, anaficha simu, anauza vitu vya nyumbani, halali, au amesema maneno ya kutotaka kuishi, hilo limeshavuka ushauri wa kaka na haliwezi kujibiwa kwa maandishi. Nenda naye hospitali ya rufaa ya Mbale, muulize mapokezi kitengo cha afya ya akili, na wakiona haja watamwelekeza Butabika, Kampala. Kama amesema hayo ya mwisho, nendeni leo, usisubiri wiki ijayo. Nenda naye wewe mwenyewe, usimtume peke yake, na pesa ya ada ya muhula ujao ipelekwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo bila kupitia simu yake.